Mgeni wa Kila Asubuhi

Mafunzo yalikuwa ya bure, na mimi kitu cha bure hunitia shaka kabla ya kunifurahisha. Chama cha wafanyabiashara wadogo kilituandikia kwamba kila mwenye tovuti aje afundishwe kusoma takwimu zake: nani anaingia, anatokea wapi, anatazama ukurasa gani, anachokea wapi na kuondoka. Nilisema siendi. Sisi tunashona mapazia, na mtu anayetaka pazia huja mwenyewe na vipimo vya dirisha lake kwenye kipande cha karatasi, nusu ya vipimo hivyo vikiwa vya kubuni. Sikuona tovuti ingetusaidia nini. Lakini mama, aliyekuwa amejilaza kwenye kochi na mguu wake juu ya mto, akasema niende, kwa sababu tovuti ile ni ya Mziwanda na haifai kuachwa bila mtu wa kuiangalia.

Mziwanda ni mdogo wangu, ndiye aliyefunga kizazi, na jina hilo lilimganda hata alipoota ndevu. Tovuti aliitengeneza yeye, kwenye meza yetu ya kukatia, katikati ya mikasi na mabaki ya vitambaa, akajivuna nayo kama aliyejenga ghorofa. Halafu akapata kazi ng'ambo, katika mji ambao jina lake lilimsumbua mama ulimini mpaka akalizoea. Alikuwa akipiga simu kila Jumapili. Siku aliyosema amepata mchumba hukohuko, mama, ambaye kimyakimya alikuwa keshamtafutia mwingine huku, alipandwa na hasira, akamwambia asimpigie tena simu mpaka atakapoachana na huyo mwanamke.

Hasira hizo nami nimezirithi, ila zangu huwaka zikazima. Za mama hukaa. Na Mziwanda tangu utotoni alikuwa mtoto wa kufanya alichoambiwa. Hakupiga tena. Mama alipolainika na kuanza kumtafuta, namba ilikuwa haipatikani, na rafiki zake tuliowafahamu walisema nao wamempoteza.

Sasa huo mguu. Mama ana kisukari. Kidonda kilianzia kwenye kidole gumba, kidogo tu, akakifunga kitambaa cha bitana na kuendelea kukanyaga cherehani. Tulipofika kwa daktari kilikuwa kimeshapanda. Daktari hakuzungukazunguka. Alisema mguu ukatwe chini ya goti, na upesi, kwa sababu uozo ule ukishaingia kwenye damu hatutakuwa na habari ya mguu tena, tutakuwa na habari ya uhai. Mama alimsikiliza kwa adabu zote, akamshukuru, akamwambia atampa jibu mwanawe atakaporudi.

"Aliniacha nimesimama pale mlangoni," aliniambia tulipofika nyumbani. "Hatanikuta kipande."

Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikanuna. Nikawaita shangazi na mashoga zake wa mtaani waje wamseme. Wakaja, wakalia, wakanywa chai, wakaondoka wakimsifu kwa moyo wake wa kimama. Nilibaki na vikombe vya kuosha.

Hivyo siku ya kwanza ya mafunzo nilikwenda zaidi ili nipumue hewa nyingine kuliko kujifunza chochote. Tulisomea chumba cha juu ya duka la dawa, chenye viti vya plastiki na kiyoyozi kinachotonesha maji kwenye ndoo. Kulikuwa na fundi viatu aliyekaa mbele kabisa kama mtoto wa mwalimu, muuza maua mwenye miwani, na daktari wa meno aliyelalamika kwamba watu wakiingia kwenye tovuti yake hutoka hapohapo. Mkufunzi, dada mdogo wa umri mwenye sauti tulivu, alimtazamia ukurasa wake wa kwanza, akamwambia kwa heshima kwamba huenda ni ile picha ya koleo. Tulicheka mpaka daktari mwenyewe akacheka.

Kisha tukafungua kila mmoja ripoti ya tovuti yake. Niliona mistari, duara zenye rangi, tarakimu. Chini yake kulikuwa na ramani ya dunia, na juu ya ramani madoa ya bluu, kila doa ni mahali alipo mtu aliyeingia. Ya kwetu yalikuwa machache, mengi yakiwa hapahapa mjini kwetu. Moja lilikuwa peke yake, mbali, ng'ambo ya maji. Nilipeleka kishale juu yake na jina la mji likajitokeza.

Ulikuwa mji wa Mziwanda. Mgeni mmoja, na alikuwa akiingia kila siku.

Mkufunzi alikuwa bado akieleza kwamba siku ya kwanza mtu asikimbilie kujiamulia mambo, aangalie muda mgeni aliokaa, aangalie alichobofya. Sikusikia neno. Nilikuwa nimeshafunga kompyuta na kuitia mkobani, nateremka ngazi. Njia nzima nilikuwa natabasamu peke yangu kama chizi. Katika nyumba yetu ilikuwa imepita miezi hakuna aliyeleta habari njema, na leo mletaji ni mimi.

Mama hakushangaa hata kidogo. Aliangalia lile doa la bluu muda mrefu, akaligusa kwenye kioo kwa kidole chake kigumu cha ushonaji.

"Nilimkataza kupiga simu," alisema. "Kusoma sikumkataza."

Akaniambia niandike. Tovuti yetu ina ukurasa wa kujieleza sisi ni nani, na hapo chini ya picha ya karakana, palipokuwa na maneno ya kuwakaribisha wateja, mama alitaka yaandikwe maneno yake. Nilimwambia kwamba ukurasa ule unasomwa na watu wote. Akajibu kwamba watu wote si wanawe, watapita tu. Nikaandika kama alivyotamka: Mwanangu, mama yako naumwa mguu, wanataka kuukata, njoo kwanza. Hapo akatazama dari. Kisha akasema ongeza: huyo mkeo, njoo naye.

Sijui kama anayesoma hapa anaelewa neno hilo lilimtoka mama kutoka wapi. Mimi nililiandika herufi moja moja.

Wateja walianza kupiga simu, si kuagiza mapazia bali kutupa pole. Mama mmoja aliyekuwa ameagiza mapazia ya sebule nzima alituomba radhi akasema amepeleka kwingine kwa kuona tuna mgonjwa. Sikujali. Kila asubuhi, kabla sijafungua mlango wa karakana, nilikuwa naifungua ripoti, na kila asubuhi mgeni wetu alikuwa ameshafika. Mama alianza kujitengeneza kwa ajili yake. Alijifunga kitambaa kipya kichwani, akajipaka mafuta usoni, akaketi kando yangu na kikombe chake cha chai isiyo na sukari.

"Mdogo wako kaingia?"

"Kaingia, mama."

"Kasoma?"

"Kafungua kurasa zote."

"Basi anajipanga. Safari ya mbali haiamkiwi tu."

Akabadilisha maneno kila siku, akimjibu mtu ambaye hakuwa amesema kitu. Alimwandikia kwamba chumba chake kipo, kwamba cherehani yake kuukuu imepakwa mafuta, kwamba asijali habari za yule msichana wa huku, keshaolewa. Mimi nikachapa. Na wakati tunachapa, harufu ya mguu ilikuwa inatufikia sisi wote wawili na hakuna aliyeitaja. Kidole cha pili kilikuwa kimegeuka rangi. Muuguzi aliyekuja kubadilisha bandeji aliniita nje, akaniuliza tunangoja nini hasa. Nikamwambia tunamngoja mdogo wangu, yuko njiani. Nilimjibu kwa kujiamini kweli, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimeamini.

Somo lililofuata mkufunzi aliuliza kama kuna mwenye mgeni wa kudumu, anayeingia bila kukosa. Nikanyoosha mkono kabla ya fundi viatu, jambo ambalo halikuwa rahisi. Akaomba ruhusa atuoneshe sote, nikampa. Ripoti yetu ikamulikwa ukutani, kubwa, na doa letu la bluu likawa kubwa kama sahani.

Akaanza kutufundisha kwa furaha ya mwalimu aliyepata mfano mzuri. Tuangalie, alisema, huyu mgeni anaingia dakika ileile kila siku, hachelewi wala hawahi. Anafungua kurasa zote kwa mpangilio mmoja, wa kwanza mpaka wa mwisho, hata ule wa masharti ya kurudisha kitambaa ambao hakuna binadamu aliyewahi kuusoma. Hapo watu wakacheka. Muda anaokaa kwenye kila ukurasa ni sifuri. Na huo mji, alisema, una maghala makubwa ya kompyuta, ndiyo maana mtamwona huyu mgeni kwenye tovuti zenu nyingi mkitazama vizuri. Si mtu. Ni roboti, programu tu inayopita kwenye tovuti za dunia nzima kukusanya maneno yao. Muuza maua akatazama ya kwake, akasema kweli hata yeye anaye. Daktari wa meno naye anaye.

Kisha, ili amalizie mfano wake, akabofya ukurasa wetu unaobadilishwa mara nyingi kuliko zote. Picha ya karakana ikaja ukutani, na chini yake maneno ya mama ya asubuhi hiyo: Mwanangu, leo nimeweza kusimama mwenyewe mpaka dirishani. Uje upesi nikiwa bado naweza.

Waliokuwa wakicheka walinyamaza mmojammoja, kwa kadiri kila mmoja alivyomaliza kusoma. Maji yaliendelea kutona kwenye ndoo. Fundi viatu aligeuka akaniangalia, halafu haraka akaangalia viatu vyake. Nilitamani sakafu ipasuke. Nilitamani pia kumrukia yule dada mwenye sauti tulivu, ambaye hakuwa amekosa chochote.

Alizima ukuta. Aliwapa wengine zoezi, akanichukua kando, karibu na dirisha, akaniomba samahani mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Akanionesha palipo na kichujio: ni kisanduku kidogo tu, ukiweka alama ya vema, ripoti inaacha kuwahesabu maroboti kuanzia wakati huo. Waliokwisha kupita hawafutiki, lakini wanaokuja hawataonekana. Niliuliza kama kichujio hakikosei. Alisita, na nilimpenda kwa kusita kule.

"Hukosea mara mojamoja," alisema. "Lakini huyu wenu, dada, hasomi. Anapita tu."

Nilirudi nyumbani kwa miguu ili nichelewe. Nilipanga maneno mengi njiani na yote yakanitoka nilipofika mlangoni. Mama alikuwa amelala, uso una joto, midomo imekauka. Niliupima joto kwa mgongo wa mkono kama yeye alivyokuwa akitupima sisi. Alipofumbua macho nilimwambia hapohapo, bila kukaa chini, kwamba yule si Mziwanda. Ni mashine.

"Mashine ina shughuli gani na mimi?"

Nikasema haina shughuli na mtu yeyote, inapita kwa watu wote, hata kwa daktari wa meno. Akasema huenda mashine inapita kwa daktari wa meno, lakini kwetu anapita mwanawe, kwani ile tovuti ni kazi ya mikono ya nani? Nikamweleza habari za dakika ileile. Akasema Mziwanda siku zote alikuwa mtu wa saa. Nikamweleza habari za muda sifuri. Akasema anasoma haraka, hata shuleni walimsifu. Kila nilichotoa alikuwa na mahali pa kukiweka. Uvumilivu ukaniishia, nikapandisha sauti, nikamwambia kwamba anakufa kwa ajili ya mashine, na mimi nimekaa namchapia barua zake. Mara akaanza kulia, na mimi nikalia, kila mmoja kwa kumwonea mwenzake huruma.

Tulipotulia nikamwonesha kisanduku. Nikamwambia tupatane. Naweka alama hapa, na kuanzia sasa mashine hazitaonekana. Kesho asubuhi tunaangalia. Kama ni mtu, atakuwepo kama kawaida, na sitatia neno tena. Kama hayupo, basi ilikuwa mashine tangu mwanzo, na tunakwenda hospitali asubuhi hiyohiyo, gari likiwa mlangoni.

Aliwaza sana. Aliuliza kama nitaweka alama mbele ya macho yake, nikasema ndiyo. Aliuliza kama alama hiyo inaweza kumdhuru yule anayesoma, nikasema hapana, yeye hataijua.

"Haya," alisema. "Weka."

Nikaweka. Nilimpigia dereva wa teksi tunayemtumia, nikamwomba afike mapema na asitupandishie watu wengine njiani, na asiguse ovyo huo mguu wakati wa kumpakia. Nilimpigia na daktari, akasema yuko tayari, lakini nisimletee ahadi tena, nimletee mgonjwa. Nikafungasha khanga mbili, kikombe, mswaki, dawa zake. Nilihisi wepesi ambao sikuwa nao siku nyingi. Hatimaye nilikuwa nimeshika kitu ambacho hakibishaniki.

Asubuhi mama alikuwa ameshajifunga kitambaa chake kichwani kabla sijaamka. Nilimsaidia kukaa, nikamwekea mto mgongoni, nikafungua kompyuta juu ya mapaja yangu ili sote tuone. Ripoti ilijivuta, kama kawaida yake. Ramani ya wageni wa leo ikaja. Mjini kwetu kulikuwa na madoa mawili matatu. Ng'ambo ya maji hapakuwa na kitu. Niliburuta ramani huku na huku, nikaikuza, nikaipunguza, asije akasema sikutazama vizuri. Palikuwa patupu.

Sikufurahi. Nilidhani nitafurahi kwa kushinda, lakini nilipoona pale mahali pa doa hapana doa, niliikuza ramani tena, kana kwamba na mimi nilikuwa bado nikimtarajia.

"Hayupo, mama."

"Naona."

Aligusa kioo pale palipokuwa na doa. Niliushika mkono wake, ulikuwa wa moto. Nilingoja alie, au anitukane, na nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo. Badala yake uso wake ulianza kukunjuka polepole, kutoka machoni mpaka mdomoni, uso ambao sikuwa nimeuona tangu Jumapili zile za simu.

"Basi ameondoka," alisema. "Angesomea wapi naye yuko kwenye ndege?"

Nilifungua mdomo. Nilijua la kusema, nililijua lote: kichujio, alama, makubaliano yetu. Nikalisema. Alinisikiliza akitikisa kichwa, kama anavyosikilizwa mtoto anayesimulia ndoto, akanipigapiga mgongo wa mkono. Akasema mapatano ni mapatano, hospitali tutakwenda, yeye si mtu wa kuvunja neno lake. Tutakwenda sote watatu, akishafika. Ni leo, au labda kesho kutegemea alipobadilishia ndege. Sasa nimwache aoge, na chumba cha mdogo wangu hakina pazia.

Nikamwambia gari linakuja. Akasema vizuri, lilete na mkate.

"Weka yale mazito ya kijani," akaongeza. "Hapendi mwanga wa asubuhi."

Sijui kwa nini niliyachukua. Labda kwa sababu mikono yangu haijui kufanya kitu kingine. Labda nilikuwa nimechoka kushindana na mtu ambaye kila ushahidi nilioleta aliushona ukawa wake. Nilipanda kwenye kiti katika chumba cha Mziwanda, chumba chenye kitanda kilichotandikwa kwa mwaka mzima bila kulaliwa, nikaanza kuingiza pete kwenye fimbo moja baada ya nyingine. Nilikuwa najiambia kwamba dereva akifika tutambeba kwa nguvu, mimi kichwani yeye miguuni, apige kelele mpaka mtaa mzima utoke. Nilijua pia kwamba daktari hamkati mtu mguu bila yeye kukubali mwenyewe, na kwamba mama, hata akiwa na homa, atakataa kwa adabu zote.

Nilikuwa nimefika nusu ya fimbo nilipoona kupitia dirishani teksi ikiingia mtaani. Ilisimama mbele ya nyumba yetu. Dereva akapiga honi mara mbili, kwa upole, asimshtue mgonjwa.

Ukumbini kikasikika kiti kikisukumwa.

"Umesikia?" mama aliita. "Usishuke, mwanangu, endelea na pazia. Nitamfungulia mwenyewe."

Nikasikia mguu mzima ukikanyaga, kisha ule mwingine ukiburutwa, ukielekea mlangoni. Nilimwita mama. Nilishuka na pazia lote likanifuata, fimbo na pete zake zikaanguka sakafuni, na nilipofika ukumbini alikuwa ameshafika, amesimama wima, mkono mmoja kwenye kitasa na mwingine ukiweka sawa kitambaa cha kichwani.